Dada Roza, Walinisifu kwa Woga Wangu

Dada Roza,

Shikamoo. Ungekuwa hai ningefuatisha salamu kwa kukuuliza habari za nyumbani Didia, mvua imenyesha kiasi gani na mama anaendeleaje na mguu wake. Sasa habari zote ziko kwangu na hakuna wa kuniuliza. Tangu tutoke kanisani asubuhi nimekaa hapa bwaloni na kalamu, na kila nikiandika jina lako uso unaniwaka kama nimeinama juu ya mafiga.

Nina aibu, dada. Nikuambie mapema, usije ukadhani nakuandikia kukulilia tu. Kukulilia nimekulilia.

Unakumbuka nilivyofika shuleni? Nilitoka Nkome na sanduku la bati lililonuka dagaa, na wasichana wa Shinyanga mjini wakashika pua. Lakini harufu ilikuwa afadhali, maana harufu ilitoka baada ya kufua. Urefu haukutoka. Nilikuwa nawapita walimu, hata wa kiume, na nilikuwa nimejizoeza kutembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka chuoni, mwalimu mgeni, kijana kiasi kwamba wapishi walikudhania mwanafunzi. Ulinisimamisha mlangoni mwa darasa, ukaweka kiganja mgongoni kwangu, ukasukuma.

"Simama wima, Kabula. Mungu hakukosea kipimo."

Jioni ile ukanipeleka nyuma ya jiko, kwenye nguzo uliyoichimbia mwenyewe. Juu yake ulikuwa umepigilia pete ya chuma, ukanda wa pipa aliokukunjia mhunzi mmoja wa mjini. Haikuwa na wavu. Likizo iliyofuata baba yangu alikusukia wavu kwa nyuzi za kuvulia samaki, ukaufurahia kuliko zawadi ya nguo. Mpira wa kikapu ulikuwa jambo la ajabu kwetu. Ulifundishwa na sista Mmarekani huko chuoni, na watu husema mwisho ulimshinda hata yeye. Wachimba dhahabu wa Geita walikuita Roza wa Kikapu. Walikuja uwanjani kucheka sketi zetu, wakaishia kunyamaza kila ulipoinua mikono.

Ulitutoa kitandani kabla ya zamu ya maji. Tulirusha, tukakosa, tukaukimbilia mpira kwenye miiba. Mpira ulipopasuka, na mwingine haujafika kutoka ng'ambo, sisi tulidhani tumepata pumziko. Ukatupanga mstari, ukatufanya turushe mikono mitupu. Wapishi walitoka nje na miko yao kutazama wasichana wanaorusha hewa, wakacheka mpaka uji ukaungua. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulitembea nyuma yetu ukitunyoosha viwiko, kana kwamba hakuna anayecheka.

Na nilipokosa, nikasema pete imepinda, ulinijibu bila hata kuitazama: "Kikapu hakijahama, Kabula. Aliyehama ni wewe."

Siku moja nilikuuliza kwa nini unafanya ishara ya msalaba kabla ya mchezo, kama ni kumwomba Mungu tushinde. Ulicheka. Ukasema, "Mungu ana watoto pande zote mbili, atamnyima nani? Mimi namwomba mikono yangu isiogope. Hayo mengine tumeshayafanyia kazi asubuhi."

Nakuandikia maneno yako mwenyewe, dada, kwa sababu nimegundua niliyasikia tu. Niliyasikia nikayapenda, nikawahubiria hata wadogo wa darasa la tano. Siku yalipotakiwa sikuwa nayo.

Ulianza kushika shingo darasani, masika yalipokuwa yamechachamaa. Ukatuambia umelala vibaya. Kesho yake hukuja, na kesho kutwa wakakupeleka hospitali, na kabla hatujaruhusiwa kuja kukuona ikaja habari. Homa ya uti wa mgongo, walisema. Tulikuzika Didia tukiwa na sare zetu, matope yakitufika vifundoni. Veronika aliimba mpaka sauti ikakatika. Unamjua Veronika, yule mfupi wetu mwenye mbio, hakuwahi kukubali kitu kimshinde. Mimi sikuimba. Nilikuwa natazama mikono ya mama yako. Alikuwa ameishika miwili pamoja mbele ya tumbo, kama anayengoja kupokea kitu.

Baada ya hapo sikwenda tena nyuma ya jiko alfajiri. Nilijiambia ni majonzi. Wenzangu waliendelea, Veronika akiwaita mmoja mmoja, na mimi nililala nimejifunika gubigubi, nikisikia mpira unadunda.

Sasa nifike pale penyewe.

Siku ya sikukuu ya Malkia wa Uingereza tulicheza huko Geita na wasichana wa kule. Siku iliyotangulia tulisafiri kutwa nzima kwa lori, tukashuka tumekuwa wekundu kwa vumbi. Mgodini hapakuwa na kazi siku ya sikukuu, kwa hiyo wachimbaji walijaa kandokando ya uwanja, Wasukuma, Wasumbwa, Wanyamwezi na wengine waliotoka mbali ambao lugha zao sizijui. Kaka yake Veronika alikuwamo. Anafanya kazi huko chini ya ardhi, na alikuwa amewaambia wenzake wote kwamba dada yake anacheza.

Tulicheza vizuri, dada. Ningependa uliamini hilo. Kuelekea mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja tu, na Padre aliyekuwa refa alikwisha kuitia filimbi mdomoni huku akitazama saa. Mwenzetu mmoja akanirushia mpira. Nikaudaka. Nilikuwa karibu kabisa na kikapu, na hapakuwa na mtu mbele yangu. Hata mmoja. Ulinisimamisha pale pale asubuhi ngapi.

Nikainua mikono. Ndipo wazo likanijia: ukikosa, watu hawa watasema Roza amekufa na kazi yake imekufa. Sijui lilitoka wapi. Lilikuja likiwa zima, kama sentensi iliyoandikwa ubaoni. Mikono ikashuka. Nikamtafuta Veronika, aliyekuwa kule pembeni, wasichana wawili wamemganda kama kupe, nikamtupia yeye. Wakamnyang'anya kabla hajageuka. Filimbi ikalia.

Laiti mambo yangeishia hapo. Ningekuwa nimeshindwa kama watu wanavyoshindwa, nikaja kukuomba radhi.

Kwenye lori, Sista wetu mkuu aliniita nikae karibu naye, mbele. Akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha taratibu kwamba ameona nilichofanya. Nikafumba macho nikingoja. Akasema, "Ulikuwa na nafasi ya kupata sifa peke yako, ukampa mwenzako. Hiyo ni zaidi ya ushindi." Nikafumbua macho. Nilikuwa na muda wa kusema hapana, Sista. Barabara ile ni ndefu, unaijua. Nilitazama vumbi.

Jumapili Padre akaihubiri. Hakunitaja jina, alisema tu kwamba kuna msichana kati yetu aliyeshika ushindi mkononi akaugawa, na kanisa zima likageuka kunitazama, maana urefu wangu haufichiki hata nikipiga magoti. Veronika alikuwa benchi la mbele yangu. Hakugeuka. Wiki hiyo hiyo wakanifanya nahodha, nafasi uliyoishika wewe ulipocheza nasi, dada. Unyenyekevu, walisema.

Kisha mama yako akaja.

Alipanda lori la pamba kutoka Didia, na ule mguu wake, akaulizia shuleni mpaka akanipata. Nilimwamkia kwa magoti. Akaniinua, akanipa kikapu kidogo cha michembe, vile viazi vyake vikavu, akaniambia kanisani kwao nako wamehubiriwa habari ya yule msichana wa mpira. Katekista akamweleza kuwa ni mimi. "Wamesema umecheza kama mwanangu," akaniambia. "Nikasema lazima nikuone kwa macho. Nyumbani kumekuwa kimya sana."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikashukuru kama mtoto kwa mama yake, "Wabeja, mayu." Ni hayo tu niliyosema.

Ningependa kukuambia kwamba michembe ile haikupita kooni. Ilipita. Mama yako huikausha ikawa mitamu, na mimi nilikuwa na njaa. Niliila yote, na hilo nalo likaniongezea aibu.

Nilimfuata Veronika lamboni siku ya kufua. Alikuwa anasugua shuka juu ya jiwe, akaendelea kusugua.

"Unataka nini, Kabula?"

Nikamwambia. Nikamwambia nilikuwa peke yangu chini ya kikapu, nikaogopa, nikampa yeye ili kama ni kukosa akose yeye.

"Nilijua tangu pale pale," akasema. "Ulinitazama kama mtu anayetafuta pa kutua mzigo."

"Mbona hukusema?"

Akakung'uta shuka. "Niseme nini? Padre amesema ni upendo. Nibishane na mimbari?" Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba huko mgodini wanamwita kaka yake Bwana Kunyang'anywa. Wanamwita hivyo wakishuka kazini na wakipanda. Kaka amemwandikia Veronika asimletee tena habari za mpira.

Dada Roza, mimi nilidhani aibu ile ni yangu peke yangu. Nilikuwa nimeibeba kama mtu anayejivunia kidonda. Kumbe kuna mwingine alikuwa anaitwa jina kwa sababu yangu, kila siku, gizani, na chepe mkononi.

Jioni nikaenda kwa Sista. Nilimweleza yote wima, kama ulivyonifundisha kusimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga, akanishika mashavu. Akasema, "Kabula, Kabula. Sasa unyenyekevu umezidi." Akadhani najishusha. Nilijaribu tena. Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu, mpaka nikaomba ruhusa nikatoka. Nje nilicheka peke yangu, kisha nikaketi kwenye ngazi za zahanati nikalia jinsi ambavyo sikulia Didia. Nilikuwa nalia kwa sababu ungekuwapo ungeniamini. Ungesema, "Ndiyo, uliogopa," na pangekuwa na mahali pa kuanzia.

Kesho yake alfajiri nikarudi nyuma ya jiko.

Sitakuficha, mkono ulikuwa umesahau. Mpira niliokuwa nauingiza nimefumba jicho moja sasa uligonga nguzo, uligonga paa la jiko, mmoja ukatumbukia kwenye pipa la maji ya kuoshea vyombo. Mpishi mzee akatoa kichwa dirishani akanitazama, akakirudisha. Kabla sijaanza nilifanya ishara ya msalaba nikajaribu kuomba kama wewe, mikono isiogope, lakini maneno yalikuja makavu. Mungu nilikuwa nimemnunia tangu masika. Nilisema tu, niko hapa. Nikarusha. Asubuhi ya pili nikasema hivyo hivyo. Siwezi kukuambia lini yaligeuka kuwa sala, ila kuna siku nilijikuta nimemaliza kuomba na sikuwa nimekuomba urudi.

Veronika akaja baada ya muda. Hakunisalimu. Alisimama chini ya pete, akaudaka mpira ulioanguka, akanirudishia kwa nguvu ukanipiga kifuani.

"Sijaja kwa ajili yako," akasema. "Nataka kuwafunga wale wasichana."

Tukaendelea hivyo mpaka pamba ilipokwisha kuvunwa, yeye akinirudishia na mimi nikirusha. Siku zingine aliniambia kiwiko. Neno hilo tu: "Kiwiko." Nikasikia sauti yako ndani yake nikalazimika kutazama pembeni.

Wasichana wa Geita wakaja kwetu. Watu walifurika, wa mjini na wa vijijini, wengine wakiwa na baiskeli zao. Kaka yake Veronika alikuja pia, akasimama mbali, nyuma kabisa, kofia imemfunika macho.

Nilirusha kila mpira ulionifaa kurusha. Niliingiza michache, nikakosa mingi, dada, mingi sana. Kundi la vijana lilianza kuhesabu kwa sauti nilivyokosa. Katekista wa Didia akapaza sauti toka kivulini, "Mpe mwenzako, Kabula, mpe mwenzako kama siku ile," na watu wakamwitikia. Nikasikia mgongo unataka kuinama. Sikuuruhusu. Palipokuwa na mwenzangu mwenye nafasi nzuri nilimpa, na palipokuwa na nafasi yangu nilirusha.

Mwishoni mpira uliniangukia, si karibu kama Geita. Tulikuwa nyuma, lakini si kwa mbali. Nikaona kikapu kiko wazi. Niliogopa vile vile. Nilitegemea woga utakuwa umeondoka, haukuondoka hata kidogo. Mikono tu ndiyo iliyopanda. Mpira ukaenda vizuri, ukagonga ukingo wa mbele wa pete, ukaruka, ukadondoka nje. Wakauchukua wakaenda kufunga upande wetu. Tukashindwa vibaya kuliko mara ya kwanza.

Nilibaki pale nilipokuwa. Watu walikuwa wanapita pembeni yangu kwenda kuwapongeza wageni. Veronika akaja, jasho linamtiririka, akasimama mbele yangu na ufupi wake ule akaniinulia uso.

"Leo umetufungisha wewe," akasema. "Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Ndiyo," nikasema.

Akanishika mkono, huo huo, akanivuta tukanywe maji. Tulipopita karibu na kaka yake alimwita, akaniambia mbele yake, "Huyu ndiye aliyekosa." Kaka akaniangalia kwa muda, akavua kofia. Akasema, "Pole, binti. Lakini ulirusha." Na wao wawili wakaondoka pamoja wakizungumza.

Sista aliniita siku iliyofuata. Safari hii uso wake ulikuwa na masikitiko. Akaniambia nimebadilika, nimeingiwa na tamaa ya sifa, nilitaka kushinda peke yangu. Unahodha amempa Veronika. Nilisema, "Ndiyo, Sista." Je, nilikosea kutojitetea? Nilikuwa nimechoka kujieleza, na kusema kweli Veronika ndiye aliyestahili tangu mwanzo.

Jumamosi nikapanda lori kwenda Didia.

Mama yako alikuwa anapembua choroko uani. Nilikaa chini karibu naye, nikachukua ungo mwingine, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi mdomo ukapata nguvu. Nikamwambia kwamba Geita sikumpa mwenzangu kwa upendo. Niliogopa kukosa mbele za watu. Nikamwambia nilipokea michembe yake na haikuwa haki yangu.

Akatoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa.

"Na huu mchezo wa juzi? Nimesikia mmefungwa."

"Nilirusha, mayu. Nikakosa."

"Roza aliwahi kukosa?"

Swali hilo sikulitegemea. "Sana," nikasema. "Kila siku."

Akageuka kunitazama vizuri. Dada, akaniambia kwamba hukuwahi kumweleza. Kila ukirudi nyumbani ulisema umeshinda. Na tangu ufariki kila anayekuja kumpa pole humletea ushindi mmoja zaidi, mpaka mtoto anayesimuliwa amekuwa mgeni kwake, msichana wa sanamu asiyeteleza wala kukwaruzika. "Mimi namjua mwanangu," akasema. "Alikuwa anavunja vyungu. Hebu nisimulie alivyokosa."

Nisamehe, dada. Nilimsimulia. Nilimweleza siku mpira wako ulipompiga askofu mgeni kwenye kofia. Nilimweleza ule mchezo wa kwanza na walimu wa mjini, ulipokosa kipindi kizima, ukaenda nyuma ya choo ukalia, ukarudi umeosha uso ukadhani hatujui. Na ulivyoruka sketi ikanasa kwenye msumari wa nguzo, ukaning'inia tukaja kukushusha. Mama yako alicheka mpaka ungo ukamponyoka na choroko zikamwagika. Alicheka huku anajifuta kwa ncha ya kanga, akasema, "Endelea," na mimi nikaendelea, na kuku wakala choroko, na hakuna aliyewafukuza.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniambia nirudi.

Basi nami nakuaga, dada yangu. Bado nina aibu ya Geita, sidhani kama itakwisha, na ya michembe pia. Lakini nimekuahidi mambo mawili, nayaandika hapa ili nisiyakimbie. Mama hatakaa katika kimya kile. Kila likizo, kabla sijashika njia ya Nkome, nitapita Didia nimsaidie shambani. Na nikipewa mpira nikiwa na nafasi, nitarusha, watu wahesabu watakavyo. Zile hadithi zako za kukosa zitakwisha upesi jinsi mama anavyozipenda, kwa hiyo nitamsimulia na za kwangu.

Lala salama, Mwalimu.

Mdogo wako,
Kabula